Mwenye Mlango na Mwenye Bastola

Haki mbili zikikutana njiani, mara nyingi hupishana bila kugusana. Mmoja ana haki ya kuimba, jirani yake ana haki ya kulala. Mchana hawasumbuani, na usiku wakielewana kidogo tu mambo huenda. Lakini zipo haki ambazo zikikutana mlangoni haziwezi kupita kwa pamoja. Lazima moja ingoje nje. Katika kurasa hizi nataka tuzitafakari haki mbili za namna hiyo: haki ya mtu kutawala mahali palipo pake, na haki ya mtu kubeba silaha ya kujilindia popote aendapo. Nchi ambako haki hizi zimegongana kwa kishindo kikubwa ni Marekani, kwa hiyo mifano yangu karibu yote nitaitoa huko.

Huenda msomaji wa Afrika Mashariki akauliza, kuna mgongano gani hapo? Kwetu bunduki ni jambo la leseni. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, zote huiona silaha kuwa kitu ambacho Serikali humruhusu mtu kuwa nacho baada ya kumchunguza, nayo Serikali yaweza kukichukua tena. Wamarekani walianzia upande mwingine. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanaitaja haki ya wananchi ya kuwa na silaha na kuzibeba. Kwa miaka mingi walibishana kama haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja au ni ya wanamgambo tu. Mwaka 2008, katika kesi iitwayo Heller, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba ni haki ya mtu binafsi, na kwamba anaweza kuweka bastola nyumbani kwake ajilinde. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, majaji sita dhidi ya watatu waliitoa haki hiyo nje ya nyumba wakaipeleka barabarani.

Tuitazame vizuri safari hiyo. Katika kesi ya kwanza bastola ilikuwa mlinzi wa mlango. Mtu aliruhusiwa kuwa nayo kwa sababu nyumba ni yake, na ndani ya nyumba ndipo anapostahili kuwa salama kuliko mahali pengine popote. Katika kesi ya pili bastola ilitoka nje. Na mtu akitoka nje haendi kukaa barabarani kutwa. Anakwenda dukani, hotelini, kanisani, kazini, kwa rafiki. Kila aendako kuna mlango, na mlango huo ni wa mtu mwingine. Haki iliyozaliwa kwa ajili ya kuulinda mlango sasa inabisha milango ya watu.

Jambo la kwanza la kusema ni jepesi, na wengi hukubaliana nalo. Katiba huifunga Serikali, haimfungi jirani. Serikali ikinikataza kusema, imevunja haki yangu. Mwenye nyumba akiniambia, "Maneno hayo usiyaseme mezani pangu," hajavunja haki yoyote. Amenikumbusha tu kwamba meza ni yake. Vivyo hivyo, haki ya kubeba silaha haizai haki ya kukaribishwa na silaha. Mwenye duka akisema hataki bastola dukani kwake, mwenye bastola hana la kudai. Atachagua kuiacha, au kwenda duka jingine. Hata watetezi wakubwa wa bunduki, ambao mara nyingi ni hao hao wanaotetea mali binafsi kwa nguvu, hawapingi hilo.

Ugumu unaanza pale mwenye mlango anapokuwa hajasema neno. Hapo majimbo ya Marekani yamegawanyika. Katika majimbo mengi kimya cha mwenye duka huhesabiwa kuwa ruhusa: asiyetaka silaha na aseme. Texas imeweka hata namna ya kusema. Anayetaka kukataza bastola zilizofichwa anaweza kumwambia mtu kwa mdomo au kwa maandishi, au kubandika mlangoni bango lenye maneno yaliyowekwa na sheria, kwa Kiingereza na kwa Kihispania, kwa herufi zisizopungua inchi moja. Baada ya uamuzi wa mwaka 2022, New York na Hawaii ziligeuza kanuni hiyo. Zilisema kwamba kimya ni katazo: anayetaka kuingia na silaha katika mali ya mtu, hata kama ni duka lililo wazi kwa wote, apate kwanza ruhusa ya mwenyewe. Mahakama moja ya rufani ikaikataa kanuni ya New York mwaka 2023 kwa upande wa maduka na mahali penginepo palipo wazi kwa watu. Mahakama nyingine ikaikubali ile ya Hawaii mwaka 2024. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuisikiliza kesi ya Hawaii. Lolote waamualo majaji juu ya maana ya Katiba, halimalizi swali la haki na adabu baina ya watu wawili, nalo ndilo ninalolifuata hapa. Kimya kina maana gani?

Sisi tunaosema Kiswahili tuna neno dogo lililobeba falsafa nzima ya mlango, nalo ni hodi. Mgeni hafiki akaingia. Husimama nje, hupaza sauti, hungoja. Asipoitikiwa hubisha mara ya pili, na ya tatu. Ya tatu nayo ikipita kimya, hurudi alikotoka bila kinyongo. Hakuna aliyefundishwa kwamba kimya cha ndani ni karibu. Na hata pale ambapo wazee wetu walikihesabu kimya kuwa ridhaa, kama kwa mwali anayeulizwa kuhusu mchumba, walifanya hivyo baada ya kumwuliza. Mtu ambaye hajaulizwa kitu hawezi kusemwa kuwa amekubali kwa kunyamaza. Amenyamaza tu.

Najua nitajibiwa kwamba duka si nyumba. Hakuna apigaye hodi dukani. Mlango uliofunguliwa asubuhi ndiyo karibu yenyewe. Ni kweli, lakini karibu ya nini? Karibu ya duka ni karibu ya kununua. Mwenye duka la vitambaa hakuandika popote kwamba mbuzi wasiingizwe, na bado hakuna mwenye akili aingiaye na mbuzi wake. Kila mwaliko una mipaka ambayo watu huielewa bila kuandikiwa.

Jibu hilo nalo lina udhaifu, na yafaa tuukiri. Mipaka isiyoandikwa hutokana na mazoea, na mazoea hutofautiana. Zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani huruhusu mtu mzima kubeba bastola iliyofichwa bila hata kibali. Katika mji mdogo wa Oklahoma ambako wateja wengi wana silaha kiunoni, na mwenye duka mwenyewe anayo, pengine kimya chake kinasema kweli, "Ingia nayo." Tukiyategemea mazoea peke yake, tutakuwa na jibu moja Honolulu na jingine Oklahoma, wala hatutajua lipi ni la haki.

Kwa hiyo natafuta sababu iliyo chini ya mazoea, na naiona katika swali hili: kati ya wawili hawa, nani anajua? Mwenye bastola anajua kwamba bastola ipo. Mwenye mlango hajui, kwa kuwa imefichwa chini ya shati. Kumtaka huyu wa pili aseme ndiyo kumtaka ajibu swali ambalo hakuulizwa, kuhusu kitu ambacho hakioni. Kumtaka wa kwanza aulize ni kumtaka aseme jambo analolijua, juu ya kitu alichokichagua mwenyewe kabla hajatoka nyumbani. Katika mambo mengine yote ya maisha tunamtaka ajuaye ndiye aanze. Auzaye ng'ombe mwenye kilema hutakiwa kukitaja. Haisemwi kwamba mnunuzi angeuliza.

Kuna na sababu ya pili. Mwaka 2013 Howard Schultz, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya migahawa ya kahawa ya Starbucks, aliandika barua ya wazi akiwaomba wateja wasiingie na bunduki. Aliomba, hakupiga marufuku, na alieleza kwa nini: marufuku ingewalazimu wafanyakazi wake kuwakabili wateja wenye silaha. Hebu tulifikirie hilo. Tunaposema "asiyetaka na aseme," asemaye si tajiri mwenye hisa. Ni kijana wa miaka kumi na tisa aliyesimama nyuma ya meza ya kahawa, mikono mitupu, akimwambia mtu mwenye bastola atoke. Kanuni inayomtaka asiye na silaha amwanze mwenye silaha imeweka mzigo kwenye bega lisilofaa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo haliupendezi upande wangu. Serikali ya Hawaii, ilipotafuta mifano ya kale ya kuitetea sheria yake, ilileta sheria mbili hasa. Moja ni ya New Jersey ya mwaka 1771, iliyotungwa kuzuia watu kuingia na bunduki katika mashamba ya wengine kuwinda kulungu. Ya pili ni ya Louisiana ya mwaka 1865, iliyokataza kubeba silaha katika shamba la mtu bila idhini ya mwenye shamba. Mwaka 1865 katika Louisiana, mwenye shamba alikuwa nani? Na aliyekuwa akikaa katika shamba hilo bila kulimiliki alikuwa nani? Alikuwa mtu mweusi aliyetoka utumwani majuzi tu, na ile ilikuwa mojawapo ya sheria zilizotungwa kumrudisha chini ya mkono wa bwana wake wa zamani. Sheria ilisema "idhini ya mwenye mali", lakini ilikusudia kumnyang'anya silaha yule ambaye hakuwa na mali.

Basi haki ya mwenye mlango si kitu safi wakati wote. Ni mamlaka, na mamlaka hutumiwa vibaya. Wamarekani walilijua hilo tena tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi walipoketi kwenye meza ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro na kunyimwa huduma. Mwenye duka naye alikuwa na mlango wake. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ndiyo iliyomwambia kwamba akiufungua mlango kwa umma hana ruhusa ya kuwabagua watu kwa rangi yao. Na leo wapo wanaouliza: ikiwa sheria iliweza kumlazimisha mwenye duka ampokee mtu asiyemtaka, kwa nini isimlazimishe ampokee mwenye bastola?

Naona tofauti ni kubwa. Mtu hawezi kuivua ngozi yake akaiacha mlangoni. Ukiikataa rangi yake umemkataa yeye mzima. Bastola huvuliwa. Mwenye duka anayesema, "Wewe karibu, hiyo iache," amempokea mtu na kukikataa kitu. Sheria ya mwaka 1964 ilikuja kuwalinda binadamu waliokuwa wakifanywa kuwa vitu. Kuitumia kulinda kitu kana kwamba ni binadamu ni kuigeuza kichwa chini.

Lakini kusema "iache" kuna gharama, na anayelisema neno hilo inampasa aijue gharama hiyo kwa jina. Tarehe 16 Oktoba 1991, katika mji wa Killeen, Texas, mtu mmoja aligonga kwa gari dirisha la mkahawa wa Luby's, akashuka na kuanza kupiga watu risasi. Waliokufa walikuwa 23. Katika mkahawa huo alikuwamo Suzanna Hupp akila chakula cha mchana na wazazi wake. Bastola yake ilikuwa garini. Aliiacha huko kwa sababu sheria ya Texas ya wakati huo ilimkataza kuibeba. Baba yake alimwendea muuaji mikono mitupu akapigwa risasi. Mama yake hakutaka kumwacha mumewe, naye akauawa. Miaka minne baadaye Texas ilipitisha sheria ya kuruhusu bastola zilizofichwa, na mwaka 1996 mama huyu alichaguliwa kuingia katika Bunge la jimbo. Ni kweli kwamba aliyemkataza ni Serikali, si mwenye mkahawa. Lakini kwa aliyelala chini ya meza, hilo lina tofauti gani? Hakuna ajuaye kama bastola ile ingewaokoa wazazi wake. Anachojua yeye ni kwamba alitii, na hakuwa nayo.

Kutokana na kisa hicho napata kanuni ambayo wenye milango wengi wa Marekani hawajaikubali. Amwambiaye mgeni aache ngao yake nje amejitwika kazi ya kuwa ngao. Mwenyeji akimpokea mtu asiye na silaha, usalama wake ni dhamana juu ya mwenyeji. Bango peke yake halitoshi. Anayebandika katazo, kisha haweki mlinzi wala mlango wa dharura wala kuwafundisha watu wake la kufanya siku ya hatari, amechukua haki ya mwenyeji na kuukimbia wajibu wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa inatupasa kuongeza kwamba mgeni naye apone.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya nyumba na duka. Limebaki eneo gumu kuliko yote, nalo ni kazini. Mwaka 2002, katika kiwanda cha Weyerhaeuser huko Valliant, Oklahoma, msako uliofanywa katika maegesho ya magari ulikuta bunduki ndani ya magari ya baadhi ya wafanyakazi. Kampuni ilikuwa imekataza silaha katika eneo lake lote, na wafanyakazi hao wakafukuzwa. Walikwenda mahakamani wakashindwa. Lakini mwaka 2004 Bunge la Oklahoma lilipitisha sheria ya kuwazuia waajiri kukataza bunduki zilizofungiwa ndani ya magari. Makampuni yakaipinga sheria hiyo, na mwaka 2009 mahakama ya rufani ikaiacha isimame. Florida na majimbo mengine yalifuata njia hiyo hiyo.

Hapa kuna mali ndani ya mali. Kiwanja ni cha kampuni, gari ni la mfanyakazi. Tena mfanyakazi si mgeni. Mgeni akikatazwa huenda duka la pili. Mfanyakazi akikatazwa huenda nyumbani bila mshahara. Tena katazo hilo halikomei kwenye ua wa kiwanda. Asiyeruhusiwa kuwa na bunduki ndani ya gari lililoegeshwa, hawezi kuwa nayo njiani wakati wa kwenda wala wa kurudi, maili zote hizo usiku na alfajiri. Mwajiri anayesema "si katika kiwanja changu" kwa kweli amesema "wala si katika barabara yako". Hapo naona amevuka mpaka wake, na sheria ina sababu ya kumrudisha.

Hata hivyo tusiione Oklahoma kuwa imemaliza jambo. Mwaka 2003, katika kiwanda cha ndege cha Lockheed Martin karibu na mji wa Meridian, Mississippi, mfanyakazi mmoja aliondoka kwenye mkutano, akaenda garini mwake, akarudi na bunduki akaua wenzake kadhaa kisha akajiua. Maegesho si mbali kiasi hicho. Sheria inayomlazimisha mwajiri kuzipokea bunduki uani haikuwauliza wafanyakazi wenzake waliomo ndani. Ndiyo maana sheria ya Florida, iliyompokonya mwajiri neno la mwisho juu ya uwanja wake, ilimwondolea pia lawama ya madhara yatokanayo na silaha hizo. Watunga sheria walijua kwamba lawama huifuata amri. Ni kanuni nzuri, ila haikufuatwa hadi mwisho: lawama ilitolewa kwa mwajiri, haikupewa mtu mwingine. Ikiwa Serikali ndiyo iliyoamuru, Serikali ndiyo ingeibeba.

Nikikusanya niliyosema, naiona haki ikiwa hivi. Nyumbani kwa mtu, neno lake ni la mwisho, na kimya chake ni hapana. Dukani na mkahawani, neno ni la mwenyewe pia, na mwenye bastola ndiye wa kupiga hodi, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye alichokibeba. Mwenye mlango akijibu hapana, akumbuke kwamba amechukua dhamana. Kazini, mwajiri atawale ndani ya kuta, asiitawale barabara. Na anayemlazimisha akubali hatari iliyomo uani asimame yeye kujibu inapotokea. Katika haya yote hakuna mpango usiokuwa na mtu atakayeumia siku moja. Mpango wa Texas ya mwaka 1991 uliwaumiza watu, na mpango wa maegesho yaliyo wazi unaweza kuwaumiza pia. Kwa hiyo simdharau anayeamua tofauti nami, ili mradi amewataja waliolipa gharama ya uamuzi wake.

Ninachokikataa ni ile hoja kwamba kuuliza ni fedheha, kwamba mtu mwenye haki hapaswi kuomba ruhusa. Watu huru huombana ruhusa kila siku, na hawapungukiwi. Anayesimama mlangoni akasema, "Nina bastola, niingie nayo au niiache?" hajaipoteza haki yake. Amemtambua mwenzake kuwa naye ana haki, akampa nafasi ya kujibu.